MWIZI WA SIMU HANA MPAKA
Somo la jumuiya ndogo ndogo juu ya ushirikiano wa nchi katika usalama wa mitandao



Jumuiya kadhaa zimeomba tuandike juu ya wizi wa pesa kwa njia ya simu. Mtu angedhani ni kazi ya dakika tano: waambie watu wasitoe nambari ya siri, basi. Lakini ukikaa na akina mama wa soko la Taveta unakuta swali lao si hilo. Kwamba nambari ya siri haitolewi wanajua tangu zamani. Swali lao ni hili: pesa ikishakwenda, na mwizi yuko upande wa pili wa mpaka, ni nani atakayemfuata?

Hebu tuchukue mfano. Si kisa cha mtu mmoja, ni visa vya wengi vilivyofungwa pamoja. Mama fulani huuza ndizi kila Jumatano na Jumamosi. Wateja wake wengine wanatoka Moshi na Arusha, na yeye naye hununua vitunguu na nyanya kutoka upande ule. Kama wafanyabiashara wengi wa mpakani, ana laini mbili, moja ya Kenya na moja ya Tanzania. Siku ya soko anatakiwa kumlipa mtu wa vitunguu. Kabla hajatuma, unaingia ujumbe kwenye laini ya Tanzania: ile pesa itume kwa namba hii nyingine, ile yangu ina matatizo. Wenzetu wa Tanzania wanaujua sana ujumbe wa namna hii. Mwizi hamjui mama huyu. Ametuma kwa mamia ya watu akitegemea kwamba mmoja wao, saa hiyo hiyo, anadaiwa pesa na mtu. Na siku ya soko hapa kwetu ni nani asiyedaiwa? Mama anatuma kiasi cha shilingi 18,000 za Kenya. Jioni mwenye vitunguu anapiga simu: mama, mbona kimya?

Sasa mateso yanaanza. Anakwenda kituo cha polisi cha upande huu. Anaandikiwa OB, anaambiwa nambari iliyopokea pesa ni ya Tanzania, sisi hatuwezi kuilazimisha kampuni ya simu ya huko. Anavuka kwa boda boda. Kule anaambiwa, mama, wewe ni Mkenya, na pesa umetuma ukiwa Kenya, kaandikishe kwenu. Nauli imeongezeka juu ya hasara. Mwishowe anakaa nyumbani, anasema yamepita. Mwenye vitunguu bado anadai, na karo ya mtoto ilikuwa ndani ya pesa hiyo hiyo.

Ni rahisi kuwalaumu polisi. Lakini katika mfano huu askari wote wawili wamesema kweli. Kila mmoja amefika mwisho wa mamlaka yake.

MPAKA WA NDIZI NA MPAKA WA SIMU

Tuangalie kitu tunachokiona kila siku. Zamani lori la kutoka Voi kwenda Moshi lilisimama mara mbili: kwanza likaguliwe Taveta, kisha lisogee mbele kidogo likaguliwe tena Holili. Tangu 2016 tuna kituo cha pamoja. Anayekwenda Tanzania anapita moja kwa moja hadi Holili, na pale anawakuta maofisa wa Kenya na wa Tanzania chini ya paa moja. Anayekuja huku anamalizia Taveta. Jambo hilo halikuwezekana kwa kujenga jengo tu. Ilibidi Jumuiya ya Afrika Mashariki itunge sheria, ile ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya 2016, inayomruhusu ofisa wa Kenya kufanya kazi ya sheria ya Kenya akiwa amesimama juu ya ardhi ya Tanzania, na wa Tanzania vivyo hivyo kwetu.

Basi ndizi zimepata ofisi moja. Pesa nazo zimepata njia moja: mwaka 2015 Safaricom na Vodacom Tanzania ziliunganisha M-Pesa zao, ukaweza kutuma shilingi kutoka huku zikapokelewa kule. Mawimbi ya simu ndiyo kabisa hayajui mpaka. Ukitembea kuelekea Holili simu yako inakukaribisha Tanzania kabla miguu haijafika. Kilichobaki nyuma ni malalamiko. Lalamiko la mama wa ndizi bado linasafiri kama lori la zamani, na mara nyingi haliendi zaidi ya kizuizi cha kwanza.

KWA NINI NI VIGUMU

Ushahidi wa wizi wa simu haupo mikononi mwa mama. Yeye ana ujumbe tu. Jina la aliyesajili laini, wakala aliyetoa pesa, saa na mahali, vyote viko katika kompyuta za kampuni ya simu. Kampuni haiwezi kumpa kila anayeuliza, na ni vizuri iwe hivyo, maana hata mwizi angeuliza habari zako. Inatii amri ya mahakama au ya mamlaka ya nchi yake. Kwa hiyo Kenya ikitaka habari zilizoko Tanzania, inabidi iombe rasmi. Kwetu maombi hayo huongozwa na Sheria ya Kusaidiana Kisheria ya 2011, kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Barua inapanda kutoka kituoni hadi Nairobi, inavuka, inashuka upande wa pili hadi wilayani. Pesa kutolewa kwa wakala ni suala la dakika chache.

Msidhani ni shida ya watu maskini peke yao. Februari 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh wakatuma maagizo 35 kwenda New York, wakitaka karibu dola milioni 951. Walianza usiku wa Alhamisi, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ni siku za mapumziko Bangladesh. Bangladesh walipoamka, New York walikuwa wamefunga kwa wikendi. Na Jumatatu, ilipotakiwa Ufilipino wazuie pesa, huko ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zikaingia Ufilipino, nyingi zikapotelea kwenye nyumba za kamari. Kumbe wale wezi walikuwa na kalenda za nchi tatu mezani, na waliowafuata hawakuwa nazo. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kila nchi iwe na ofisi moja inayojulikana, yenye mtu wa kupokea simu usiku na mchana, hata Krismasi.

Kuna neno la kitaalamu ambalo ni vizuri tulielewe: kuhifadhi ushahidi kwa haraka. Maana yake ni kwamba nchi moja inaiomba nyingine, kwa simu au barua pepe, msifute habari hizi wakati tunatayarisha maombi rasmi. Si kupewa habari bado, ni kuzuia zisipotee. Ni kama kumwambia jirani, shika huyo mbuzi kwanza, barua ya chifu inakuja.

NCHI ZIMEFANYA NINI

Si kweli kwamba hakuna kilichofanyika. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kenya ikafuata na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, ambayo ina sehemu nzima juu ya kushirikiana na nchi nyingine, pamoja na hiyo kazi ya kuhifadhi ushahidi kwa haraka na ofisi ya kupokea maombi saa zote. Kila nchi pia ina kikosi cha wataalamu wa kutoa tahadhari na kusaidia mashambulizi yanapotokea. Cha Kenya kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, cha Tanzania kiko chini ya TCRA.

Afrika nzima ina mkataba wake. Ulipitishwa na Umoja wa Afrika mjini Malabo, Guinea ya Ikweta, tarehe 27 Juni 2014. Ulihitaji nchi 15 ziuridhie, na kuzipata nchi hizo kulichukua karibu miaka tisa: ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2023. Katika zile 15 za kwanza, kutoka Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilikuwemo Rwanda peke yake. Mimi naona hilo ni jambo la kuulizwa kwa sauti. Viongozi wetu husafiri kwenda mikutano ya usalama wa mitandao mara nyingi sana, lakini karatasi inayombana mtu kisheria hukaa muda mrefu bila sahihi.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mkataba wa dunia tarehe 24 Desemba 2024, na nchi zikaanza kutia sahihi mjini Hanoi, Vietnam, Oktoba 2025. Nao unahitaji nchi 40 ziuridhie kabla ya kuwa na nguvu.

Kwa upande wa polisi kazi imeonekana zaidi. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao tangu 1998, na Interpol ina ofisi ya kanda Nairobi. Mwezi Septemba na Oktoba 2024 nchi 19 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilifanya msako wa pamoja ulioitwa Serengeti. Watu 1,006 walikamatwa. Hasara iliyohusishwa na kesi zao ilikadiriwa karibu dola milioni 193, na walioathirika waliotambuliwa walizidi 35,000. Kwa Kenya peke yake walifuatilia wizi wa kadi za benki wa dola milioni 8.6, ambapo pesa zilitawanywa hadi Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Mwaka 2025 ukafanyika wa pili, wakakamatwa wengine 1,209.

Ni kazi nzuri, tuipongeze. Lakini tazameni vizuri, shilingi 18,000 za mama wa ndizi haziko katika kipimo cha misako hiyo. Ushirikiano umejengwa kuanzia juu, kwa pesa za benki. Huku chini, pale ambapo mtu wa Taveta na mtu wa Himo wanauziana kila wiki, bado haujafika. Naamini mwizi analijua hilo kuliko sisi. Akiiba kidogo kidogo kwa watu wengi wa nchi nyingine, hakuna faili moja linalokuwa kubwa vya kutosha kumsumbua mkubwa yeyote.

SERIKALI NAYO ILISHIKWA

Wengine watasema, mimi sina M-Pesa ya Tanzania, hayanihusu. Tarehe 27 Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa. Wakati huo huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimehamishiwa humo. Watu walikwama na pasipoti, na leseni, hata kukata tiketi za treni, hii hii inayosimama Voi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kwamba ndilo lililofanya. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna habari za wananchi zilizopotea.

Namna walivyofanya ni rahisi kueleza. Fikiria duka dogo la kijijini. Watu elfu moja wasiotaka kununua chochote wanajazana mlangoni, wanauliza bei ya hiki na kile. Hakuna kilichoibiwa dukani, lakini mwenye haja ya kweli hawezi kuingia. Kompyuta nyingi duniani hutumiwa hivyo kwa wakati mmoja.

Oktoba 2024 ndipo ikatangazwa, huko Marekani, kwamba ndugu wawili raia wa Sudan wameshtakiwa kuhusu mashambulizi ya kundi hilo. Mashtaka bado si hukumu. Lakini oneni mzunguko: anayedhurika yuko Voi, washtakiwa ni watu wa Sudan, na mashtaka yanafunguliwa Marekani. Kenya peke yake isingeweza.

Na tunapoambiwa kila kitu kihamie mtandaoni, tuulize pia: siku mtandao ukianguka, mlango wa pili uko wapi? Mzee wa Mata au wa Njukini anayekuja mjini kwa ajili ya karatasi moja hawezi kuambiwa tu arudi kesho. Usalama ni kuzuia wezi, na pia ni kuacha njia ya kuandikwa kwa kalamu.

ANGALIZO MOJA

Chombo cha kumfuata mwizi kinaweza kugeuzwa kumfuata msemaji. Sheria yetu ya 2018 ilipopitishwa, chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani, na vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda kwa hofu ya kubana uhuru wa kusema. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua sheria ni halali. Sheria ya Tanzania ilipata malalamiko kama hayo. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa umelaumiwa na watetezi wa haki kwa sababu hiyo hiyo.

Basi Mkristo anayeomba nchi zishirikiane aombe kwa macho wazi. Mkataba wa Malabo una kanuni inayosaidia kidogo: kosa liwe kosa katika nchi zote mbili ndipo moja isaidie nyingine. Wizi ni wizi Taveta na Holili. Kumkosoa mkubwa hakutakiwi kuwa kosa pande zote mbili.

TUSOME NEHEMIA, SURA YA 3

Sura hii huwa tunairuka kwa sababu ni orodha ya majina. Jumuiya isome yote, polepole. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Nehemia hakuajiri kampuni moja. Makuhani walishika lango lao, wafua dhahabu na watengeneza manukato wakashika sehemu yao, baba mmoja akajenga pamoja na binti zake. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Walikuwepo hata watu wa miji mingine ambao nyumba zao hazikuwa pale. Na wakubwa wa Tekoa, imeandikwa, hawakutaka kuinamisha shingo kwa kazi hiyo, ingawa watu wao wa kawaida walijenga.

Ukuta ni mmoja. Pengo mbele ya nyumba ya jirani linaingiza adui kwako. Hapo ndipo mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanapokutana na somo letu. Papa Pius XI mwaka 1931 alifundisha kwamba kile ambacho watu wa chini wanaweza kukifanya wasinyang'anywe na wa juu. Papa Yohane XXIII mwaka 1963, katika barua yake juu ya amani duniani, alisema kuna matatizo yanayopita uwezo wa nchi moja na yanahitaji mamlaka ya kuyashughulikia pamoja. Wengi hushika fundisho moja na kusahau lingine.

MBELE YA NYUMBA ZETU

Tuanze na ofisi zetu wenyewe. Parokia ina majina ya watoto yatima, ya wagonjwa wanaotembelewa nyumbani, ya familia zilizopewa chakula. Zamani yalikaa kwenye daftari ndani ya kabati lenye kufuli. Siku hizi yako kwenye kompyuta ambayo kila kijana anayesaidia ofisini anajua neno lake la siri, au yanatumwa kwa WhatsApp pamoja na picha. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya 2019 haitoi msamaha kwa parokia. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Habari zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Na picha na historia ya mtoto vikipelekwa kwa wafadhili ng'ambo, hapo napo sheria ina masharti. Tanzania ina sheria ya namna hiyo ya 2022, kwa hiyo wenzetu wa parokia za upande ule wana kazi ile ile. Tungeweza kufundishwa pamoja, gharama zikapungua.

Kuhusu simu. Kubonyeza *106# kunakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na nambari hiyo ni moja Kenya na Tanzania. Ukikuta laini usiyoijua, nenda ikafungwe. Wa Safaricom wabonyeze *100*100# ili mtu mwingine asiweze kubadilisha laini yao kwa wakala. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333 kwa Safaricom. Ukiwa na laini ya Tanzania, upeleke 15040. Ukikosea kutuma M-Pesa, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajatoa. Usifute chochote. Andika OB huku, na kule omba RB, hata kama umeambiwa haitasaidia, kwa sababu kesi ndogo zisizoandikwa haziwezi kuunganishwa kuwa kesi moja kubwa.

Na hili ni gumu lakini lisemwe. Wengi wetu tunatumia laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au la rafiki wa sokoni. Ukiibiwa, lalamiko si lako kisheria, ni la mwenye jina. Na laini za majina ya watu ndizo silaha ya mwizi. Wakala anayeuza laini iliyokwisha kusajiliwa, tusimnunulie, hata kama ni mtoto wa jumuiya yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika jumuiya yenu, ni wangapi wameibiwa kwa simu tangu Pasaka, na ni wangapi waliandikisha OB? Andikeni hesabu tu, bila majina.

2. Maofisa wa Taveta na Holili tayari wanafanya kazi chini ya paa moja. Je, tungependa liwepo dawati la polisi la pande mbili la kupokea malalamiko ya wizi wa simu? Ni nani apelekewe ombi hilo: mbunge, kamati ya usalama, au wote? Nani ataandika barua?

3. Ni nani hasa mwenye funguo na maneno ya siri ya kumbukumbu za kigango chenu?

4. Kwa viongozi wa vyama vya akina mama: je, mna mtu wa pili wa kuthibitisha kwa sauti, si kwa ujumbe, kabla pesa ya kikundi haijatumwa?

Makatibu wa jumuiya walete hesabu ya swali la kwanza katika ofisi ya maendeleo ya parokia kabla ya kikao cha halmashauri. Wenzetu wa upande wa Holili wataombwa wafanye hesabu yao pia, ili barua ikienda iende na hesabu za pande zote mbili.